Muhula Mmoja Ujerumani: Jipange Ungali Nyumbani

Barua ya kukubaliwa ikishafika, wengi huanza kufikiria koti. Koti lisubiri. Muhula wa baridi katika vyuo vikuu vya Ujerumani huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kwisha tarehe 31 Machi, lakini madarasa yenyewe hufunguliwa katikati ya Oktoba na kufungwa mapema Februari, na hapo katikati kuna mapumziko ya Krismasi. Ukiyaondoa, unabaki na wiki 14 au 15 za kukaa darasani. Ni muda mfupi mno kwa mtu anayefika hajui atalala wapi, fedha zake zitafunguliwa lini, wala masomo yake yatahesabiwaje atakaporudi. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakiimaliza Novemba nzima kwenye milango ya ofisi huku wenzao wakisoma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: karatasi zimalize ungali nyumbani, ili ukifika huko muda wako uwe wa masomo na wa watu. Namwandikia hasa mwanafunzi wa Tanzania au Kenya anayekwenda kwa mpango wa mabadilishano kama Erasmus+, ingawa mengi yatamfaa hata anayejilipia.

Anza kwa mkuu wa idara

Kabla ya ubalozi, kabla ya tiketi, nenda kwa mkuu wa idara yako. Wengi wanaumia kwa kudhani kwamba chuo kikishakuruhusu kuondoka, basi kimekubali pia masomo utakayorudi nayo. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mkataba wa masomo hutiwa saini na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo unachokwenda. Hakikisha umeandikwa waziwazi kila somo la huko lina krediti ngapi na litachukua nafasi ya somo lipi la hapa. Vyuo vya Ulaya hutumia krediti za ECTS. Muhula kamili ni krediti 30, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, pamoja na zile unazosoma peke yako.

Uliza pia alama zitageuzwaje. Ujerumani, alama ikiwa ndogo ndiyo umefaulu zaidi: 1.0 ni ya juu kabisa, 4.0 ni ya mwisho ya kupita, 5.0 umefeli. Karatasi yenye 1.3 inaweza kuonekana aibu machoni pa ofisa asiyeujua mfumo huo, kumbe umeng'ara. Jedwali la kugeuza alama likubaliwe kwa maandishi kabla hujaondoka, maana mkuu wa idara anaweza kubadilika ukiwa safarini na anayekuja asijue mlichozungumza kwa mdomo.

Kisha fungua almanaki ya chuo chako uiweke kando ya ile ya huko. Mitihani yao huwa Februari, mingine Machi. Kwenye masomo ya sanaa na sayansi ya jamii, mara nyingi badala ya mtihani kuna insha ndefu ya utafiti inayokabidhiwa madarasa yakiwa yameshafungwa. Wakati huo wenzako nyumbani huenda wameshaanza muhula wa pili. Ukilijua hilo mapema, utakubaliana na idara uripoti kwa kuchelewa, au utamwomba mwalimu wa huko uikabidhi insha mapema. Usipolijua, utarudi kukuta sapu usiyoistahili.

Na kama unasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, muulize ofisa mikopo wa chuo, kwa barua na si kwa mazungumzo ya korido, bumu lako, yaani fedha za kujikimu, litakuwaje wakati hupo kusaini.

Fedha, viza na bima

Watanzania huomba viza katika ubalozi wa Ujerumani ulio Umoja House, Dar es Salaam. Wakenya huomba Nairobi. Viza unayoihitaji ni ile ya muda mrefu, si ya utalii, na ada yake ni yuro 75. Wenye ufadhili wa fedha za umma mara nyingi husamehewa. Anza angalau miezi mitatu kabla ya safari, na kabla ya hapo hakikisha pasipoti haiishii njiani.

Swali kubwa la ubalozi ni moja: utaishi kwa nini? Kipimo kilichowekwa tangu Septemba 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Kwa miezi sita ni yuro 5,952. Anayejilipia huweka fedha hizo katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo humpa kiasi cha mwezi mmoja kwa wakati mmoja. Mwenye ufadhili huonesha barua ya ruzuku, lakini aisome vizuri: ruzuku ikiwa chini ya yuro 992 kwa mwezi, ubalozi utataka kujua pengo litazibwa na nani. Wengi hukwama hapo kwa tofauti ndogo ambayo mzazi au mjomba angeiziba kama angeambiwa mapema.

Bima ya afya ni sharti la kuandikishwa chuoni. Bima ya umma kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 sasa hugharimu kati ya yuro 140 na 160 kwa mwezi. Kabla ya kulipa, uliza kama ufadhili wako tayari unayo na kama chuo kinaitambua.

Beba fedha za kuanzia, taslimu kidogo na nyingine kwenye kadi inayofanya kazi nje. Akaunti iliyofungwa haitoi kitu mpaka umefungua akaunti ya kawaida huko, na ruzuku ya kwanza nayo huweza kuchelewa. Katika wiki hizo mbili tatu utadaiwa kodi ya kwanza, amana ya chumba na ada ya muhula. Ada hiyo si karo, na mara nyingi ndani yake kuna tiketi ya usafiri wa umma.

Jambo jingine linasahaulika sana: laini yako ya simu ya nyumbani. Benki yako hutuma namba za siri kwenye laini hiyo. Iwashe huduma ya kutumika nje ya nchi kabla ya kuondoka, iweke salio, na itumie mara mojamoja, kwa sababu laini inayokaa kimya muda mrefu hufungwa.

Chumba, na jina lako mlangoni

Mabweni ya wanafunzi huendeshwa na taasisi inayoitwa Studierendenwerk, na karibu kila mji wenye chuo kikuu unayo. Omba siku uliyopata barua ya kukubaliwa, si wiki ijayo. Miji kama Berlin, Hamburg na München ina uhaba mkubwa wa vyumba. Leipzig, Halle au Bayreuth pana nafuu, ingawa si kama zamani.

Ukikosa bweni utatafuta chumba katika nyumba ya kuchangia. Matangazo yatakuonesha kodi za aina mbili: ile ya „kalt”, yaani chumba kitupu, na ile ya „warm”, iliyojumlisha maji, taka na joto. Linganisha kodi kwa hiyo ya pili, maana ndiyo utakayolipa kweli. Amana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za ziada. Na mtu akikwambia yuko nchi nyingine, funguo atakutumia kwa posta ukishalipa amana, huyo ni tapeli hata kama amekuonesha picha ya kitambulisho. Usilipe chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakikanyaga.

Ukishapata chumba, andika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Usilidharau hili. Ujerumani bado inaendeshwa kwa barua za karatasi: namba ya siri ya kadi ya benki, kadi ya bima, namba ya kodi, wito wa ofisi ya wageni, vyote huja kwa posta. Msambaza barua haangalii namba ya chumba, anaangalia jina. Asipoliona, barua hurudi ilikotoka, nawe unakaa kusubiri kitu ambacho kimeshapita mlangoni kwako.

Hapo majina yetu huleta utata. Mtu anaitwa Neema Joseph Mushi, fomu moja kaandika Neema Joseph, nyingine Mushi Neema. Kwa Mjerumani hao ni watu wawili. Tazama pasipoti yako jina la ukoo limeandikwa lipi, kisha lifuate hilohilo kwenye fomu zote, kwenye tiketi, na kwenye ile karatasi ya sanduku la barua.

Mizigo

Nguo za baridi nunua mitumba: Karume jijini Dar, Memorial pale Moshi, Gikomba kwa mtu wa Nairobi. Utapata sweta za sufu na makoti mazito kwa bei ambayo huko hutaiona. Viatu visivyopitisha maji nunua hukohuko, kwa sababu miguu ikilowa baridi haivumiliki. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine badala ya nguo moja nene, maana nje ni baridi kali lakini darasani na kwenye treni kuna joto. Chukua mafuta mazito ya ngozi; hewa ya majengo yenye joto hukausha ngozi hadi ipasuke.

Chakula kina sheria zake. Umoja wa Ulaya unakataza msafiri kuingiza nyama na bidhaa za maziwa kutoka nchi zetu, kwa hiyo nyama ya kukausha na samli ya mama vibaki. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako, maana yake dagaa wanapita. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda machache yakiwemo ndizi, nanasi, nazi na tende. Embe na pilipili mbichi zitaishia uwanja wa ndege. Viungo vikavu vya pilau na chai, beba. Unga wa sembe usijitese nao: maduka ya Waafrika yapo katika miji mingi, na mengi yanauza unga mweupe wa mahindi.

Soketi za huko ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaja ya pini tatu bapa itahitaji adapta. Nakala za vyeti vyote, za karatasi na za kwenye simu, zikae mahali pawili. Kwa wenyeji wako, kanga, korosho au kahawa inatosha na inapendwa.

Wiki mbili za kwanza

Sheria inakutaka ujiandikishe kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Ofisi hiyo huitwa Bürgeramt au Einwohnermeldeamt. Unakwenda na pasipoti, fomu, na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi kwake. Bila barua hiyo utarudishwa, hata uwe na mkataba wa kupanga. Miadi huchukuliwa mtandaoni na huisha haraka katika miji mikubwa. Ukishajua tarehe ya kuhamia, itafute ungali nyumbani, asubuhi na mapema, siku baada ya siku.

Cheti utakachopewa hapo ndicho kinachofungua milango mingine, kuanzia benki na zile fedha zilizofungwa. Kila karatasi huomba karatasi iliyotangulia, kwa hiyo usiruke hatua. Itazame pia tarehe ya mwisho ya viza yako. Ikiwa inakwisha kabla ya mitihani, omba kibali cha ukaazi kwenye ofisi ya wageni mapema, viza ikiwa bado hai.

Mengine ni mepesi. Jumapili maduka karibu yote hufungwa, nunua chakula Jumamosi. Kuanzia saa nne usiku nyumba hutakiwa kuwa kimya. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji yana amana ya senti 25 unayorudishiwa dukani. Ukikutwa ndani ya treni au basi bila tiketi, faini ni yuro 60, na ugeni si utetezi. Kila nyumba hulipa yuro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma, hata kama huna televisheni. Mkikaa nyumba moja mnalipa mara moja na kugawana. Dharura ya ugonjwa au moto piga 112, polisi 110, na daktari wa usiku au wikiendi kwa ugonjwa usio wa kufa na kupona, 116117.

Darasani

Ratiba ikikuandikia saa 10 na herufi „c.t.”, somo linaanza saa nne na robo asubuhi, si saa nne kamili. Ikiwa „s.t.”, ni kamili. Tofauti hiyo ni desturi ya zamani ya vyuo vyao.

Lililo kubwa zaidi ni hili: kujiandikisha kwenye somo si kujiandikisha kwenye mtihani. Vyuo vingi vina dirisha la pekee la kuomba mtihani, mara nyingi Novemba, Desemba au Januari, nalo likifungwa limefungwa. Unaweza kuhudhuria kila kipindi, ukaijua mada kuliko wote, na usipate alama hata moja. Wiki ya kwanza muulize mratibu wa wanafunzi wa kigeni tarehe hizo, uziandike kwenye simu yenye kengele.

Halafu kuna suala la kusema. Sisi tumelelewa kumsikiliza mwalimu, na kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu. Kwenye semina zao, anayenyamaza huhesabiwa kuwa hakusoma. Wanafunzi humpinga profesa kwa hoja naye hafedheheki, mara nyingine hufurahi. Jitayarishe swali moja kabla ya kila semina, uliseme katika dakika za mwanzo; ukichelewa, mjadala utakupita na woga utakua. Kwa jambo lako binafsi nenda kwenye saa za kuonana na mwalimu, ambazo hutangazwa, na umwandikie kwanza kwa cheo chake na jina lake la ukoo. Jina la kwanza subiri akuruhusu.

Giza, joto na chakula

Katikati ya Desemba, Berlin jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mtu aliyezoea saa kumi na mbili kwa kumi na mbili huathirika mwilini bila kujua: usingizi mwingi, uzito, hamu ya kubaki chumbani. Toka nje kila siku saa za mchana, hata kama ni mawingu tu, na umuulize daktari kuhusu vitamini D, ambayo ngozi yetu nyeusi huitengeneza kwa shida pasipo jua kali. Huzuni ikizidi wiki mbili usiibebe peke yako. Studierendenwerk ina washauri wa wanafunzi, mara nyingi bila malipo, na kwenda kwao si dalili ya udhaifu.

Chumba nacho kina utaratibu wake. Mara mbili tatu kwa siku, zima kipasha joto, fungua dirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, kisha lifunge. Usipofanya hivyo, mvuke wa kupika, wa kuoga na wa nguo unazoanika ndani hugeuka ukungu mweusi ukutani, na gharama ya kuuondoa huweza kukatwa kwenye amana yako. Dirisha likiachwa wazi kidogo mchana kutwa, joto unalolilipia linakwenda nje. Na siku ya dagaa, waambie unaoishi nao mapema, funga mlango wa jiko, na uwakaribishe kula.

Kantini ya chuo, Mensa, ndiyo rafiki wa mfuko wako. Vyakula hupewa alama zinazoonesha penye nguruwe na penye pombe, na kuna chakula kisicho na nyama kila siku. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, yaani wiki za mitihani. Siku ya kufunga huko wakati huo ni fupi kuliko ya Dar kwa saa mbili hivi.

Watu

Marafiki wa kwanza watafute mahali ambapo lugha yako ina thamani. Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vya Leipzig, Hamburg, Bayreuth, Köln na Humboldt pale Berlin. Nenda kwenye darasa hilo wiki ya kwanza, jitambulishe kwa mwalimu, na ujitolee kuzungumza na wanafunzi wake: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani. Mjini Leipzig, Mlutheri atakuta pia Misheni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893 na ambayo hadi leo ina uhusiano na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Jiunge na michezo ya chuo, maana Wajerumani hawazoeani haraka mtaani, lakini kwenye klabu wanazoeana.

Ubaguzi upo, na heri ulijue hilo kabla ya kuukuta. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na akaiacha kazi hiyo baada ya kunyimwa na wanafunzi wake heshima ya mwalimu. Alifariki Berlin mwaka 1927. Leo vyuo vingi vina ofisi ya kupokea malalamiko ya ubaguzi. Jambo kama hilo likikupata, andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, na ulipeleke huko, usilimeze.

Watu wa nyumbani nao wanahitaji kuambiwa ukweli kabla hujapanda ndege. Kwa wengi, kwenda Ulaya ni kupata hela. Kaa na wazazi, kaka na dada, uwaoneshe hesabu: ruzuku, kodi, bima, chakula, na kinachobaki. Ahadi uliyoitoa kwa aibu siku ya kuagwa itakukosesha usingizi Januari. Saa za Ujerumani huwa nyuma ya zetu kwa saa moja hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kisha saa mbili. Panga siku ya kupiga simu nyumbani, na siku zilizobaki ishi ulipo.

Kabla ya kurudi

Soma mkataba wa chumba mwezi wa Novemba, kwa kuwa notisi ya kuondoka huweza kuwa ya miezi mitatu. Bima, simu na michezo vyote husitishwa kwa maandishi. Visiposimamishwa vitaendelea kukukata. Kwenye ofisi ya wakazi jifute, na uitunze ile hati. Akaunti ya benki ifunge baada ya amana ya chumba kurudi, si kabla.

Matokeo hayatakuwa tayari siku unayoondoka. Insha husahihishwa kwa wiki nyingi, na hakuna atakayekukumbusha. Mwachie mratibu barua pepe yako na ya mkuu wa idara yako, mwandikie kila baada ya wiki mbili, na transkripti ikifika ipeleke idarani siku hiyohiyo pamoja na ule mkataba wa masomo wenye saini tatu. Mpaka alama zako zitakapoonekana kwenye mfumo wa chuo chako, muhula wako haujaisha.